Barua ya Champagney na kimya cha kwetu

Waliosikiliza kipindi cha wiki iliyopita wanajua kwamba tuliwaacha njiani. Mwenzangu aliuliza ni safari gani ya likizo iliyowahi kukurudisha nyumbani na swali ambalo hukuondoka nalo, mimi nikajibu "kijiji kimoja Ufaransa", halafu muda ukaisha. Basi mmetuma ujumbe wa sauti mpaka simu ikajaa. Mmoja wenu alisikia vibaya jina, akauliza tangu lini mtoto wa Bi nani amekwenda kunywa shampeni. Tulia ndugu yangu. Kijiji kinaitwa Champagney, na wala hakipo huko kwenye zabibu zao.

Tulifikaje? Mume wangu ni msanifu majengo, na wasanifu majengo nao wana hija zao. Moja ni kanisa dogo la Notre-Dame du Haut lililo juu ya kilima pale Ronchamp, mashariki ya Ufaransa. Lilibuniwa na Le Corbusier na kukamilika mwaka 1955. Tulikodi gari Belfort, tukapanda kilimani, na mwenzangu akalizunguka kanisa lile saa mbili nzima akigusa kuta kama mtu anayenunua kitambaa Darajani. Mimi nilikwisha choka. Nikafungua ramani kwenye simu, nikaona kijiji cha jirani, dakika chache kwa gari, na ndani yake pana jumba la makumbusho liitwalo Maison de la Négritude et des Droits de l'Homme. Yaani Nyumba ya Négritude, lile neno la kina Senghor na Césaire la kujivunia weusi, na Haki za Binadamu.

Huku? Kwenye misitu chini ya milima ya Vosges, ambako tangu asubuhi mtu mweusi niliyemuona ni mimi mwenyewe kwenye kioo cha gari? Nikamwambia mume wangu, twende.

Champagney ukipita bila kusimama hutakumbuka kitu. Hakifikii watu elfu nne. Pana kanisa, duka la mikate, nyumba za mapaa mekundu, na bwawa kubwa nje ya kijiji ambako watu hutembea jioni. Kwa karibu miaka 200 eneo hili la Ronchamp na Champagney liliishi kwa makaa ya mawe: migodi ilianza katikati ya karne ya 18 na ikafungwa mwaka 1958. Kwa hiyo ni kijiji cha wakulima, wakata kuni na wachimbaji. Hakuna bandari, na bahari iko mbali sana. Hapakuwa na tajiri wa meli wala mwenye shamba la miwa. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa turudi mwaka 1789. Mfalme Louis XVI hana pesa. Anaitisha baraza la matabaka matatu, mapadri, makabaila na watu wa kawaida, baraza ambalo halijakaa tangu mwaka 1614. Kabla ya wajumbe kwenda Versailles, kila parokia nchini inatakiwa ikutane na iandike daftari la malalamiko yake. Kwa Kifaransa yaliitwa cahiers de doléances, na yaliandikwa kama 60,000 nchi nzima. Hebu fikirini. Mavuno ya mwaka uliopita yalikuwa mabaya, kipupwe kilikuwa kikali kupita kawaida, bei ya mkate imepanda. Kwa mara ya kwanza maishani mwako mfalme anakuuliza, "Enhe, nini kinakuuma?" Ungeandika nini? Ungeandika kodi, chumvi, kuni na mkate. Ndiyo walivyoandika wengi, na walikuwa na haki.

Halafu kuna jambo jingine. Katika jimbo hilo la Franche-Comté palikuwa bado na mabaki ya ile hali ya mkulima kufungwa kwa bwana wake. Waliiita mainmorte, "mkono uliokufa". Mkulima wa hali hiyo akifa bila kuacha mtoto anayeishi naye chini ya paa moja, mali yake haendi nayo ndugu, inachukuliwa na bwana. Mfalme aliifuta kwenye ardhi zake mwenyewe mwaka 1779, lakini mabwana wengine waliendelea nayo mpaka Mapinduzi. Kwa hiyo hao si watu waliokuwa wameshiba wakatafuta la kuwasikitisha. Ya kwao yaliwatosha.

Tarehe 19 Machi 1789 watu wa Champagney wakakutana, wakaandika yao. Na walipofika ibara ya 29 wakawaandikia watu wasiowajua. Walimuomba mfalme aukomeshe utumwa wa watu weusi katika makoloni.

Nilisimama mbele ya maandishi yale, Kifaransa changu cha skuli kikinisaidia nusu na mume wangu nusu. Nawapa maana yake kwa maneno yangu. Wanasema hawawezi kufikiria mateso ya watu weusi wa makoloni bila nyoyo zao kuchomwa. Wanawaita wenzao. Wanasema wenzao hao wanatendewa vibaya kuliko wanyama wa mizigo. Wanasema hawaoni mtu atawezaje kutumia mazao yanayotoka huko akikumbuka kwamba yamemwagiwa damu. Kisha wanaongeza jambo ambalo mimi lilinikalisha chini: wanahofia kwamba vizazi vitakavyokuja, vyenye mwanga kuliko wao, vitawaangalia Wafaransa wa zama zao na kuwaita walaji watu.

Yaani walitufikiria. Mwaka 1789, kwenye kijiji cha makaa ya mawe, watu walikaa wakajiuliza sisi tutawaita nani.

Ilitoka wapi fikra hiyo? Hapo pana mtu na pana picha. Mtu ni Jacques-Antoine Priqueler, mwenyeji wa kijiji, afisa katika walinzi wa mfalme. Paris wakati huo palikuwa na chama kilichoundwa mwaka 1788, Société des Amis des Noirs, Chama cha Marafiki wa Watu Weusi, na Priqueler alirudi kijijini na mawazo ya aina hiyo. Picha iko kanisani. Inaonyesha wale mamajusi watatu waliokwenda kumzuru mtoto Yesu, sisi kwetu Nabii Issa, na mmoja wao, Balthazar, ni mweusi. Inasimuliwa kwamba wanakijiji wengi walikuwa hawajapata kumuona mtu mweusi isipokuwa huyo wa kwenye picha, mfalme aliyevaa vizuri. Priqueler akawaeleza: ndugu za mtu huyu ndio wanaouzwa.

Mume wangu, ambaye kazi yake ni kutilia shaka kila ukuta, alisema, "Basi aliyeandika ni afisa, wao walitia saini tu." Inawezekana kalamu ilikuwa ya msomi. Lakini mimi kazi yangu ni mikataba, na najua tofauti ya kuandika na kukubali. Wangeweza kumwambia, bwana we, hayo ya huko tuachie, tuna njaa. Hawakumwambia hivyo.

Sasa, nimesema mashariki ya Ufaransa ni mbali na bahari. Ni mbali, lakini kamba ilifika mpaka kwetu. Tukisikia utumwa wa Wafaransa tunafikiria Haiti, ambayo wakati huo iliitwa Saint-Domingue, na kweli huko ndiko sehemu kubwa ya sukari yao ilikotoka. Ila Wafaransa walikuwa na visiwa vingine katika Bahari ya Hindi: Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Na mikono ya kulima huko waliitafuta wapi? Tarehe 14 Septemba 1776, miaka isiyotimia 13 kabla ya daftari la Champagney, mfanyabiashara wa Kifaransa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa. Morice apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mtu kwa piastre 20, na Sultani apewe zawadi ya piastre mbili kwa kila kichwa.

Kwa hiyo wanakijiji walipoandika "watu weusi wa makoloni", ndani ya maneno hayo, bila wao kujua, walikuwemo watu waliopandishwa majahazi na merikebu Kilwa. Watu wa bara yetu waliovushwa na pwani yetu. Na kama mtu wa mikataba niseme jambo moja tena: mkataba una pande mbili. Upande mmoja ulitiwa saini na Mfaransa. Wa pili tulitia sisi.

Hapo ndipo safari ya utalii ilipoacha kuwa utalii.

Sebuleni kwa mama yangu, hapa London, pana picha ya familia iliyopigwa Unguja mwaka 1962. Kila mgeni huonyeshwa. Nyuma yake marehemu babu aliandika majina yote kwa herufi za Kiarabu, kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, hata la mtoto mchanga. Pembeni kabisa, nusu mwili ndani ya picha na nusu nje, amesimama bibi mmoja mzee mweusi tii aliyemshika mtoto mkono. Jina lake halipo. Tulipokuwa wadogo tukiuliza tuliambiwa, "Huyo Yaya." Bibi yangu siku moja, katika kuzungumza na wenzake, alisema, "Yule mzalia wetu." Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikadhani mzalia ni mtu aliyezaa watoto wengi.

Nimekuja kujua ukubwani. Mzalia ni aliyezaliwa nyumbani mwa bwana kwa wazazi watumwa. Utumwa Unguja na Pemba ulifutwa kisheria mwaka 1897, na masuria wakasubiri mpaka 1909. Yaya kwa umri wake huenda alizaliwa huru, au karibu na huru. Lakini mama yake je? Na neno lilibaki, kama alivyobaki yeye pembeni ya picha. Lugha yetu imejaa mabaki hayo, tunayatumia kila siku bila kuyageuza tukaona nyuma pana nini. Tunamsifu mtu kwamba ni muungwana, ana adabu, ana utu. Asili ya muungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Maana yake tuliamua zamani kwamba adabu ni ya nani.

Tulikuwa bado kwenye maegesho ya gari, karibu na kanisa, nikampigia simu shangazi yangu Muscat. Yeye ndiye mtoto mchanga wa kwenye picha, na ndiye aliyebaki na hadithi za nyumba ile kupitia kwa mama yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mko wapi, mbona upepo?"

Nikamwambia tupo Ufaransa, nikamuuliza Yaya alikuwa nani hasa, jina lake nani, kwao wapi. Akanyamaza kidogo.

"Yaya alikuwa kama familia," akasema. "Alitulea sote. Hakuna aliyemfanyia ubaya."

"Najua, shangazi. Jina lake?"

"Tukimwita Yaya."

Nyuma ya sauti yake nikasikia sahani, na sauti ya msichana akiuliza kwa Kiswahili cha Tanga kama chai iletwe sasa au baadaye. Shangazi akamjibu, kisha akaniambia kwa furaha kubadilisha mazungumzo, "Huyu ndiye wa mwaka huu. Mzuri sana, ana adabu. Mimi simfanyi mfanyakazi, huyu kwangu kama familia."

Neno lile lile. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda kwenye ile ibara. Nikauliza, "Pasi yake anayo nani?"

"Ninayo mimi. Kabatini. Kwa usalama wake."

Sikusema kitu. Nikauliza hali ya magoti yake, tukaagana.

Nataka nimtendee haki shangazi yangu. Ni mtu mwenye huruma, na mshahara wa msichana yule haucheleweshi. Mwenzangu kwenye kipindi ataniambia sawasawa kwamba mfanyakazi wa ndani si mtumwa, ana mkataba, ana mshahara, alikuja kwa tiketi yake. Kweli kabisa, na si vizuri kuyachanganya mambo mpaka utumwa ukawa neno jepesi. Lakini mimi nikiletewa ofisini mkataba ambao upande mmoja hauwezi kuondoka bila ruhusa ya upande wa pili, na karatasi yake ya kusafiria imefungiwa kwenye kabati la upande wa pili, najua la kumwambia mteja wangu. Mbona kwa shangazi nilikosa ulimi?

Nirudi Champagney, maana mtauliza: barua yao ilifanya nini? Jawabu fupi, kwa wakati ule, haikufanya kitu. Daftari la kijiji halikuwa likienda moja kwa moja kwa mfalme. Yalikusanywa, yakachujwa ngazi ya juu, yakafanywa daftari moja la eneo, na sauti za vijiji zikapotea humo. Ufaransa ilifuta utumwa tarehe 4 Februari 1794, kwa sababu kubwa kwamba watumwa wa Saint-Domingue walikuwa wameshainuka na kujikomboa wenyewe. Walowezi wa Mauritius na Réunion waliikataa sheria hiyo. Mwaka 1796 wajumbe waliotumwa kuitekeleza walifukuzwa. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa. Toussaint Louverture, kiongozi wa Saint-Domingue, alifungwa kwenye ngome ya Joux, katika jimbo hilo hilo la Franche-Comté, akafa humo kwa baridi na maradhi tarehe 7 Aprili 1803. Utumwa ukafutwa moja kwa moja mwaka 1848, miaka 59 baada ya kikao cha Champagney. Waliotia saini wengi wao walikuwa kaburini.

Wala tusiwafanye malaika. Hawakuandika kwamba watu weusi ni sawa na wao mbele ya sheria. Walimuomba mfalme kwa unyenyekevu atafute njia ya kuwafanya watu wale raia wenye faida kwake na kwa nchi. Ni ombi la upole mno ukilipima na ukubwa wa ubaya wenyewe. Na nchi yao haikujifunza kwa mstari ulionyooka. Vuli ya mwaka 1944, katika mapigano ya kuikomboa mashariki hii hii ya Ufaransa, maelfu ya askari wa Kiafrika waliokuwa wamepigana tangu kusini waliondolewa mstari wa mbele, na sare zao wakapewa vijana wa Kizungu.

Lakini karatasi ilibaki. Ilikaa kwenye makabrasha kwa karibu miaka 180, mpaka mwenyeji mmoja wa kijiji, René Simonin, alipoamua kwamba haifai kusahaulika. Mwaka 1971 ikaanzishwa Nyumba ile, na Léopold Sédar Senghor, aliyekuwa Rais wa Senegal, akakubali kuwa mlezi wake. Leo Champagney kimo kwenye njia ya makumbusho ya kufutwa utumwa, pamoja na ngome alimofia Toussaint. Watoto wa skuli huletwa kwa mabasi. Kijiji cha watu wasiofika elfu nne kinajulikana duniani kwa ibara moja ambayo mfalme hakuijibu.

Njia nzima ya kurudi Belfort nilikuwa najiuliza jambo moja. Wale hawakuwa wamemuona mtu mweusi ila kwenye picha, na wakasema. Sisi tumekaa na Yaya kwenye picha ile miaka 60 na zaidi, tumekula kwa mikono ya wasichana wa Tanga na Mombasa majumbani mwa jamaa zetu, tuna shahada zetu, tuna hata kipindi cha kuzungumza. Tumesema nini? Tunajua sana kudai haki zetu sisi hapa Uingereza, tukitazamwa vibaya dukani tunarekodi kipindi kizima. Na hilo ni sawa, ni kodi na chumvi yetu. Ibara ya 29 yetu iko wapi?

Wiki mbili baadaye niliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia, watu 43, kutoka Muscat mpaka Toronto. Sikuandika hotuba. Niliandika mambo mawili. La kwanza, nani anajua jina la Yaya, ili liongezwe nyuma ya picha. La pili, nilimuomba kila aliye na mfanyakazi nyumbani amrudishie pasi yake aishike mwenyewe, na nikasema namuomba hata mtu ninayempenda sana.

Alama mbili za buluu, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyejibu siku hiyo. Kesho yake ami mmoja akatuma picha ya maua na "Ijumaa Mubarak". Shangazi hakunipigia simu kwa wiki tatu, na alipopiga aliuliza watoto, aliuliza kazi, la pasi hakuligusa. Mimi nililigusa. Akasema, "Akitoroka nitakulipisha wewe." Nikamwambia sawa, shangazi, nilipishe mimi. Hapo tupo mpaka leo.

Jina, hata hivyo, limepatikana. Binamu mmoja ambaye sijapata kumuona ana kwa ana, anayeishi Pemba, aliniandikia pembeni, si kwenye kundi. Bibi yake ndiye aliyemuosha Yaya alipofariki. Sitaliandika hapa mpaka niwe nimewapata watu wake, ikiwa wapo, kwa sababu ni lao kabla halijawa letu. Ila nyuma ya picha limeshaandikwa. Mama yangu mwenyewe aliichomoa kwenye fremu, akaomba kalamu, akaliandika mwishoni mwa mstari wa babu.

Kipindi kijacho tutakuwa na mada hii, na najua wengine mtanuna. Nuneni, lakini tutumieni sauti zenu. Kwenye picha zenu za ukutani, nani amesimama pembeni bila jina? Muulizeni mkubwa mmoja wiki hii, kabla hajaondoka nalo. Na kama kuna kabati la kufunguliwa, lifungueni.

Tuonane hewani.